Flashi Mbili kwa Mwamba Mmoja

Kila asubuhi, kwenye kamba moja ya nguo, sare za shule zilining'inia pamoja na vazi la kupigia mbizi. Vazi hilo lilikuwa la Mama. Kazi yake ilikuwa kukagua nguzo za gati chini ya maji. Baba alikuwa fundi viatu, na alifanyia kazi barazani.

Siku moja Mama alirudi amenuna. Halmashauri ilitaka kumwaga matope yanayochimbwa bandarini juu ya mwamba wa matumbawe. Mama aliujua vizuri mwamba ule. Samaki wengi walizaliana pale. Alikuwa amepeleka picha zake kikaoni.

"Wamesemaje?" Baba aliuliza.

"Wamecheka! Eti haya ni mawe tu, hakuna kilicho hai."

Baba alizitazama picha. Zote zilikuwa za bluu iliyofifia. Vitone vyeupe vilitapakaa kila mahali.

"Usinikasirikie, mke wangu," alisema. "Hata mimi naona mawe. Tena yamemwagiwa unga."

Mama alicheka bila kupenda. "Wamenipa kikao kimoja zaidi. Nitanunua flashi kubwa kuliko zote dukani. Nitawamulika mpaka wakome!"

Giza lilikuwa limeanza kuingia, na jirani yao alikuwa barazani, akisubiri kiatu chake. Zamani alipiga picha za samaki chini ya maji kwa ajili ya chuo, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Bi Mwanga.

"Shoga, ngoja kwanza," alisema. "Tochi yako huwa unaifunga wapi?"

"Juu ya kamera."

"Haya, shemeji, kung'uta hicho kiatu."

Baba alikikung'uta. Vumbi likatimka. Bi Mwanga aliwasha tochi ya Mama na kuiweka karibu na jicho la Mama.

"Unaona nini?"

"Vumbi tupu!"

Bi Mwanga akaisogeza tochi mbali, pembeni. "Na sasa?"

"Namwona mume wangu," Mama alisema kwa mshangao.

"Na maji yana vumbi lake. Usilimulike. Chukua flashi mbili za kiasi, zenye mwanga unaotanuka. Zifunge kwenye mikono mirefu ya chuma, moja kulia mwa kamera, nyingine kushoto. Flashi moja kubwa itakuachia kivuli upande mmoja."

"Na rangi je?"

"Maji hula rangi, na huanza na nyekundu. Flashi huirudisha, lakini ukiwa karibu tu. Sogea mpaka karibu uguse, ila usiguse."

Dukani, muuzaji alimsifia flashi kubwa. Mama hakuyumba.

"Hizi mbili zinavumilia kina gani? Zinaoana na kamera yangu? Zikishawaka, zinachukua muda gani kuwaka tena? Samaki hanisubiri, kaka."

Muuzaji alicheka, akamjibu moja baada ya jingine. Mama alichukua zile mbili.

Alipozama, picha ya kwanza bado ilikuwa na vitone. Akaitanua mikono ya flashi. Akazigeuza kidogo zielekee nje. Akasogea karibu, akabonyeza.

Kwenye kioo cha kamera, mwamba ulilipuka kwa rangi. Nyekundu! Chungwa! Zambarau! Kijisamaki cha njano kilimchungulia kutoka shimoni.

Kikaoni, picha zilioneshwa ukutani. Hakuna aliyecheka.

"Haya maua yameota wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Si maua, mheshimiwa. Ni wanyama, na wako hai. Wako palepale mnapotaka kumwaga matope."

Mikono iliinuka mmoja baada ya mwingine. Matope yapelekwe kwingine! Baba, aliyekaa nyuma, alipiga makofi mpaka akaambiwa atulie. Hakutulia. Bi Mwanga alikuwa akipiga vigelegele pembeni yake.

Siku tishari, chombo kipana cha kubebea matope, lilipotoka bandarini, Mama alikuwa chini, kando ya mwamba. Alisikia injini yake ikinguruma, kisha ikafifia, ikaenda mbali. Aliinua ngumi zote mbili akapiga kelele za ushindi. Mapovu makubwa yakapanda juu, na samaki wakapita katikati yake.