Maalim Mcha Alizaliwa Wapi?

Kila asubuhi Nassra huoka mikate ya ufuta. Huioka uani kwake Mkunazini, mjini, juu ya makaa, na harufu yake hufika kwa majirani kabla yeye mwenyewe hajawaamkia. Wateja huja na vyombo vyao. Wengine huja na maneno yao pia, maana Nassra ni msikilizaji mzuri, na mtu akisikilizwa vizuri haondoki upesi.

Asubuhi moja alikuja mwalimu mkuu wa skuli moja ya shamba. Hakuja kutafuta mkate.

"Bi Nassra, tumemaliza kujenga ukumbi," alisema. "Tunataka kuupa jina la marehemu babaako, Maalim Mcha Kheir. Tutaufungua Jumamosi ya wiki ijayo."

Nassra alifurahi mpaka mkate ukaungua. Baba yake alikuwa akifundisha watoto wasioona kusoma kwa vidole. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na kuuliza, "Yuko wapi yule mtoto mnayemficha ndani?" Wengine walimfukuza. Kesho yake alirudi tena, amevaa kanzu ile ile, na swali lile lile.

"Kazi yake tunaijua sote," aliendelea mwalimu mkuu. "Utoto wake ndio hatuujui. Alizaliwa wapi? Wazazi wake nani? Nani alimlea? Watoto wanapenda kujua mtu mkubwa alianzaje. Tunaomba wewe uje useme."

"Hilo jepesi," alisema Nassra.

Masikini Nassra! Hakujua anachokisema.

Alianza na Msabah, mtoto wa ami yake. Msabah ni mkubwa kwake, na anakaa ghorofa ya juu katika nyumba hiyo hiyo ya babu yao, Mzee Kheir.

"Kaka Msabah, si kweli baba alizaliwa humu ndani?"

"Kweli. Azaliwe wapi tena? Mamaake Bi Khairat, nyanya yetu. Kitovu chake kimezikwa hapo uani, chini ya mkomamanga."

Nassra aliridhika. Bi Khairat alimjua vizuri. Alikuwa akilala mapajani mwake alipokuwa mdogo, akisukwa nywele na kuimbiwa. Basi mambo yamekwisha. Akachukua simu kuwaalika jamaa.

Mmoja wao alikuwa Bi Hija wa Kidichi, shamba. Huyu ni bibi wa miaka karibu tisini. Kila ukitokea msiba mjini huja, hukaa karibu na mlango, na huondoka kabla ya chakula. Nassra aliambiwa tangu utotoni kwamba ni shangazi yake. Ni shangazi kwa upande gani, hakuwahi kuuliza.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Nassra akamweleza habari za ukumbi. Bi Hija alifurahi. Halafu akauliza polepole, "Na mamaake mtamtaja?"

"Tutamtaja. Bi Khairat."

Nassra alidhani simu imekatika.

"Basi mimi siji," alisema Bi Hija. "Mcha alizaliwa hapa Kidichi, na vyake vimezikwa hapa. Mkitaka kumzika mamaake mara ya pili, mzikeni wenyewe."

Simu ikakatwa kweli.

Nassra alikaa na simu mkononi. Mtu mmoja anazaliwaje mahali pawili? Alimpandia Msabah juu na kumwambia. Msabah alikasirika mpaka kofia ikamwenda upande.

"Watu wa shamba wanataka kutunyang'anya mtu wetu sasa kwa kuwa amepata ukumbi! Unataka watu waseme babaangu na babaako hawakuwa tumbo moja? Nyanya Khairat unamtupa wapi? Ukiyasema hayo mbele za watu, mimi simo."

Nassra akarudi chini akiwa amechanganyikiwa zaidi. Alitia chumvi katika unga wa mkate mara mbili, na kuna mteja aliyerudi kuuliza kama ni dawa. Akimsema Bi Khairat peke yake, anamkosa Bi Hija. Akiisema Kidichi, anamkosa Msabah, na pengine anamkosa nyanya yake mwenyewe. Usingizi ukamkimbia. Alimkasirikia hata marehemu baba yake. Mtu anayejua kuuliza watoto wa wenziwe wamefichwa wapi, alishindwa nini kuwaambia wanawe yeye katokea wapi?

Jirani yake mmoja anaitwa Bi Ummukulthum. Kazi yake ni kurikodi habari za wazee kwa ajili ya redio ya jamii. Alikuja kununua mkate, akamwona Nassra ameshika tama.

"Una nini, shoga?"

Nassra akamweleza yote. Bi Ummukulthum akavuta kigoda.

"Msabah ulimuuliza vipi?"

"Nilimwambia, 'Si kweli baba alizaliwa humu ndani?' Akasema kweli."

Bi Ummukulthum akacheka. "Basi hukuuliza. Ulimlisha jibu. Muulize, 'Alizaliwa wapi?' Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, lakini jikaze. Akishajibu, muulize, 'Umejuaje?'"

"Kwani kuna tofauti gani?"

"Kubwa. Kuna jambo mtu ameliona kwa macho yake. Kuna aliloambiwa. Na kuna alilolidhania mwenyewe, akakaa nalo miaka mingi mpaka akaona kama aliambiwa. Yote matatu atakusimulia kwa sauti moja. Wewe ndiye wa kuyatenga."

"Sasa nani muongo kati yao?"

"Usitafute muongo. Ukimtafuta muongo, kila mtu atafunga mdomo. Wanasema kimezikwa kitu huku, kimezikwa kitu kule. Waulize kila mmoja peke yake: kilizikwa kitu gani hasa, na nani alikizika?"

Nassra akafikiri. "Na mwaka? Mwalimu mkuu atautaka mwaka."

"Mtu mzima wa miaka tisini usimuulize mwaka. Muulize kulikuwa na nini. Karafuu zilikuwa zikichumwa? Ilikuwa mfungo? Yeye mwenyewe alikuwa na umri gani? Mwaka utaukadiria wewe baadaye, na ukiukadiria useme umekadiria. Jambo jengine, muombe ruhusa kabla ya kurikodi. Na umuombe tena kabla ya kwenda kuyasema mbele za watu. Maneno ni yake."

Siku ya pili Nassra hakuoka mkate. Alikwenda Kidichi.

Bi Hija alikuwa barazani kwake akichambua karafuu jamvini. Hakuinua uso.

"Shikamoo, Shangazi. Sikuja kubishana. Nimekuja kuuliza, maana sijui kitu."

"Marahaba." Bi Hija akasogea kidogo, na Nassra akakaa jamvini. Akaomba ruhusa ya kurikodi kwa simu. Bi Hija akakubali.

"Baba alizaliwa wapi?"

"Hapa. Chumba kile cha nyuma."

Nassra alitaka kusema neno. Akajikaza, akanyamaza.

"Nilikuwepo," aliendelea Bi Hija. "Nilikuwa mtoto, meno ya mbele yamenitoka. Watu walikuwa wakichuma karafuu, na mimi niliachwa nyumbani kumtumikia mkunga. Mwanapili binti Ame, huyo ndiye mamaake, alikuwa mdogo wake mama. Aliolewa na Kheir, mke wa pili. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, basi akaja kujifungulia kwao, kama ilivyo ada. Nnakumbuka mkunga alivyonituma maji. Mtoto akalia. Kondo akalizika nyanyaangu, nyuma ya jiko lile. Nilimwona kwa macho yangu."

"Kondo," alisema Nassra. "Na kitovu?"

Bi Hija akamtazama kwa mshangao. Katika maisha yake yote hakuna aliyemuuliza hivyo.

"Kitovu kilikuwa hakijakatika. Haikufika wiki, Mwanapili akashikwa na homa ya uzazi, akafa. Mtoto akawa analia njaa, na humu ndani hamna mwenye maziwa. Kheir akaja akamchukua, akampeleka mjini kwa mke mkubwa. Kitovu kiliondoka naye, kimefungwa kitambaa. Hatukujua kilikwenda wapi."

Nassra amezaa watoto watatu. Anajua vizuri kwamba kondo hutoka siku ile ile, na kitovu hukatika baadaye. Amezipitia siku hizo mara tatu, na bado hakuwaza kwamba vitu viwili vinaweza kuzikwa mahali pawili.

"Baba alijua?"

"Alijua alipokuwa mtu mzima. Kila Idi akija hapa, peke yake, akimsomea mamaake dua. Nikamwambia, 'Mcha, waambie watoto.' Akasema, 'Nikisema, nitamvunja moyo Bi Khairat.' Bi Khairat akafa, na yeye akabaki amenyamaza. Pengine alikwisha zoea." Bi Hija akaacha kuchambua. "Mwenzio sitaki kumnyang'anya mtu mtoto wake. Nnataka jina la Mwanapili lisikike. Alikufa kijana. Hakuacha kitu duniani ila yule mtoto, na huyo mtoto akapewa mama mwengine."

Nassra alilia, na hakuona haya. Kabla ya kuondoka akamuomba ruhusa ya kuyasema mbele za watu, kuanzia kwa Msabah, na Bi Hija akampa.

Alipofika mjini hakumpigia Msabah kelele. Alimchukulia chai juu, akakaa.

"Kaka, nakuuliza upya. Nyanya Khairat alikwambia nini juu ya baba? Nambie maneno yake, kama alivyoyasema."

Msabah akakunja uso, akakumbuka. "Alisema, 'Mcha kitovu chake nimekizika kwa mkono wangu, pale chini ya mkomamanga.' Akasema, 'Mcha na babaako wamenyonya ziwa moja.' Alikuwa akipenda sana kulisema hilo."

"Alisema amemzaa?"

"Si ndiyo hivyo!"

"Alisema hivyo kwa maneno hayo?"

Msabah akakiweka kikombe chini. Chai ikapoa mbele yake.

"Hapana," alisema hatimaye. "Hilo nimelifahamu mwenyewe. Mtu akizika kitovu, akanyonyesha, utafahamu nini?"

Nassra akamsikilizisha sauti ya Bi Hija kwenye simu. Msabah alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba arudishiwe pale mtoto anapolia njaa. Babake Msabah wakati huo alikuwa bado ananyonya. Bi Khairat aliletewa mtoto wa mke mwenziwe, akampa ziwa la pili.

"Mtoto wa mke mwenza," alisema Msabah. "Na sisi hatukuona tofauti hata siku moja."

"Basi sasa ndiyo nyanya Khairat amepungua au amezidi?"

Msabah alifuta macho kwa ncha ya kofia.

"Na mimi nitabaki mjukuu wake?" Nassra aliuliza. Swali hilo ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi.

"Mama wa kunyonya ni mama," alisema Msabah. "Hata dini imesema. Ukinuna nitakupiga."

Nassra akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Kisha akamuuliza kama ana ruhusa ya kuyasema mbele za watu. Msabah akakubali, kwa sharti moja: yeye mwenyewe ndiye atakayemfuata Bi Hija Kidichi na kumleta.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wanafunzi walikaa mbele, wazazi nyuma, na wengine madirishani. Wanafunzi wa zamani wa Maalim Mcha walikuja, wameshikwa mikono na watoto wao. Bi Hija alikaa safu ya kwanza, si mlangoni. Msabah alikaa ubavuni mwake.

Nassra alisimama. Hakuwa amezoea kusema mbele za watu.

"Nitakwambieni ninalolijua, na nitakwambieni nimelijuaje," alisema. "Mwaka aliozaliwa baba hatuujui kwa hakika. Shangazi yangu alikuwepo, na anakumbuka kwamba ulikuwa msimu wa karafuu. Baba alizaliwa Kidichi. Kondo lake limezikwa Kidichi, na kitovu chake kimezikwa Mkunazini. Watu wa huku wamesema kweli, na watu wa kule wamesema kweli. Sisi ndio tuliokuwa hatujauliza."

Akavuta pumzi.

"Mama aliyemnyonyesha na kumlea ni Bi Khairat, nyanya yangu. Mama aliyemzaa ni Mwanapili binti Ame."

"Naam," alisema Bi Hija.

Alilisema kwa sauti, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili. Watu wakageuka kumtazama. Nassra akadhani bibi amechanganyikiwa. Msabah akainama amuulize kama anataka kitu.

"Sitaki kitu," alisema Bi Hija, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Nimemuitikia Mwanapili. Ameitwa mbele za watu, na mwenyewe hayupo."