Inasubiri

Ujumbe wa kuomba gari la wagonjwa ulifika hospitalini Jumapili alasiri, siku ya tatu baada ya Kayitesi kuzikwa.

"Mama anatokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Leteni gari haraka. Songambele." Ulikuwa umeandikwa Jumatano, saa nne na dakika sita asubuhi.

Dereva aliyeusoma alikimbilia polisi. Jumatatu, Inspekta Tumusiime alikuwa zahanati ya Songambele.

"Kwa nini hukupiga simu?" alimuuliza muuguzi Laurensia.

"Simu inashika kule mlimani tu, afande. Hapa tuna intaneti ya dishi, ndiyo maana tulipewa kishikwambi. Na nilikuwa peke yangu. Ningemwachia nani?"

"Kishikwambi kilionyesha nini?"

"'Inasubiri.' Kayitesi akawa ananiuliza, 'Wanakuja?' Nikamjibu wanakuja. Saa nzima namwambia wanakuja." Laurensia alikisukuma kile kishikwambi mbali naye. "Mpaka leo nikifumba macho ananiuliza."

Njiani kuelekea hospitalini Karagwe, Tumusiime alifungua redio ya gari, akaizima, akaifungua tena. Lile swali lilikuwa limepanda naye garini.

Hospitalini alimkuta Habumugisha, fundi wa mtandao, mtu mpole mwenye macho mekundu.

"Kila ujumbe unapita kwenye hii faiwoli, afande," alieleza, akigusa kisanduku cheusi kilichokuwa kikinguruma. "Inaukagua, ndipo inauruhusu. Ikizidiwa, ujumbe unakaa foleni kwenye memori. Foleni ikijaa, unaokuja unatupwa, na kishikwambi kinajaribu upya."

"Foleni ya zahanati moja inabeba kiasi gani?"

"Vipande elfu moja. Ujumbe mmoja hukatwa kama vipande ishirini."

"Zahanati ile ingeweza kuijaza kwa siku nne mfululizo?"

"Haiwezi."

"Basi kikomo kilishushwa."

"Labda mashine yenyewe..."

"Na Jumapili saa nane na nusu ikajiponya? Jumbe zote zilizokwama ziliingia dakika ile ile. Kumbukumbu za matukio za wiki nzima zimefutwa. Nani alifuta?"

"Sijui, afande."

Tumusiime alifungua daftari la getini. "Jumapili aliingia mtu mmoja tu kwenye jengo hili la mitambo. Hii saini ni ya nani?"

Habumugisha aliitazama, kisha akakaa sakafuni.

"Jumatano kulikuwa na mkutano wa video na wafadhili," alisema. "Mkutano uliopita picha iliganda, mkurugenzi akaniita zezeta mbele ya wote. Walicheka, afande. Memori ya mashine hii ni ndogo. Nikashusha foleni za zahanati za Kyerwa, Songambele ikiwemo, kutoka vipande elfu moja hadi vipande viwili tu, ili video ipate nafasi."

"Ulijua jumbe zinatupwa?"

"Niliona hesabu inapanda. Saa nne, arobaini. Saa tano, mia tatu. Nikajiambia ni ripoti za vyandarua."

"Ungeweza kurudisha?"

"Kwa amri moja tu. Lakini picha ilikuwa safi. Mkurugenzi alinigeukia akatabasamu."

"Na mkutano ulipokwisha?"

"Nilisikia kuna mama amekufa Songambele. Nikajua nikirudisha foleni, ujumbe wake utafika na saa yake, na mimi nitajulikana. Nikaacha." Aliziba masikio kwa viganja. "Lakini kila nikiingia humu nasikia kama mtu anabisha hodi ndani ya mashine. Jumapili nikashindwa. Nikamfungulia."

Tumusiime alimfunga pingu mwenyewe.

Kesho yake alikwenda kwa Theoneste, mume wa marehemu. Alimkuta kwenye benchi nje ya nyumba, kichanga kifuani ndani ya kitenge cha mama yake.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Tumempata."

Alimweleza yote. Theoneste alisikiliza hadi mwisho.

"Alikuwa na kisa na sisi?"

"Hapana."

"Alimjua Kayitesi?"

"Hakuwahi kumwona. Aliogopa kuchekwa tena."

Theoneste alimhamishia mtoto begani. "Afadhali angekuwa anatuchukia," alisema taratibu. "Huyu akikua akaniuliza, nitamwambia nini?"

Tumusiime alikuwa amekuja kuchukua maelezo yake. Alikaa naye kwenye benchi mpaka mtoto akalala, kalamu mkononi, asiandike hata neno moja.