Positive ya Nini?

Consolata alikuwa akipepeta mtama uani kwake, kijijini Kabasa, wakati mume wake Machibya aliporudi kutoka shamba la pamba. Mimba yake ilikuwa ya miezi mitano. Asubuhi hiyo alikwenda kliniki, akapimwa damu, akarudi na karatasi ya maabara. Foleni ilikuwa ndefu, hata hakupata nafasi ya kuuliza imeandikwa nini.

Hakuwa na wasiwasi. Nyumbani kulikuwa na msomaji. Machibya alifika kidato cha pili, na mtaani ndiye aliyewasomea watu Kiingereza kwenye chupa za dawa ya pamba.

"Baba Pastory, nisomee hii," akamwambia.

Machibya akasoma kimya. Akarudia. Uso ukambadilika. Katika karatasi ile aliona neno moja analolijua: positive. Miaka yote alilisikia kwenye mikutano ya afya, na kila mara lilihusu virusi vya UKIMWI.

"Umeniletea ugonjwa," alisema.

Consolata alijaribu kuuliza, lakini mumewe hakumsikiliza. Jioni ile Machibya alihamishia godoro lake nyumba ya pili, kwa mama yake, Marieta. Pastory, mtoto wao wa miaka minne, akakatazwa kunywa kwenye kikombe cha mama yake. Kabla jua halijazama, jirani yao Abednego alishajua, na Abednego akijua, Kabasa yote imejua. Machibya akampa mke wake siku tatu arudi kwao Kiriba.

Consolata alilia mpaka machozi yakakauka. Hapo hasira ikamjia, na hasira ikamfungua akili. Tangu aolewe hakuwahi kutoka nje ya ndoa. Kama karatasi inasema hivyo, basi aliyeiandika amweleze kwa mdomo wake. Asubuhi akavaa kitenge chake cha kanisani, akaenda kusimama mbele ya mumewe na mama mkwe.

"Sitoki hapa kwa sababu ya neno moja," alisema. "Twende wote kliniki. Nikisikia kwa nesi, nitajua la kufanya."

Machibya akageuza uso. Ni mama yake aliyemwinua kitini. Alimwambia kwamba hata ng'ombe akiugua, mtu humwita bwana mifugo kwanza, hamfukuzi zizini.

Nesi Benedikta aliwaingiza kwenye chumba kidogo, akafunga mlango. Kwanza alimuuliza Consolata kama anaridhia karatasi yake isomwe mbele ya mume wake. Consolata akaridhia. Nesi akaweka kidole juu ya maandishi, akasoma polepole: kundi la damu, O, Rhesus, positive.

"Baba, umesoma neno la mwisho, ukaliacha lililotangulia," alisema. "Kwenye vipimo, positive maana yake ni 'ipo'. Kilichotafutwa kimeonekana. Sasa lazima uulize: positive ya nini?"

Akawaeleza. Ukipimwa malaria ikawa positive, vimelea vipo. Mwanamke akipima mimba ikawa positive, mimba ipo, na hapo watu hufurahi. Rhesus ni alama ya asili kwenye damu, na watu wengi wanayo. Si ugonjwa. Huandikwa ili mama akihitaji kuongezewa damu apewe inayomfaa, na mama asiye na alama hiyo aangaliwe kwa karibu zaidi. Majibu ya virusi hayakuwemo kabisa kwenye karatasi ile.

"Shuleni tuliambiwaga ni kitu kizuri," Machibya akasema kwa sauti ndogo. "Halafu kwenye mikutano ikawa kitu kibaya. Nikajua maana imebadilika."

Nesi akatabasamu. Alisema neno hilo lina kazi nyingi. Mtu akiitwa positive, ni mwenye matumaini. Akisema yuko positive juu ya jambo, ana hakika nalo. Jibu likiwa positive, ni la kukubali. Kwenye hesabu, ni namba iliyozidi sifuri. Neno linalokaa jirani yake ndilo linaloonyesha lina kazi gani.

Kisha akakaza sauti. "Na hili lisikie pia. Hata kama mama angekuwa na virusi, hiyo si sababu ya kumfukuza. Dawa zipo. Akizitumia vizuri ataishi, na mtoto anaweza kuzaliwa salama."

Machibya akainamisha kichwa. Aliomba wapimwe wote wawili palepale. Majibu yakatoka: hawakuwa na virusi.

Nje, alitaka kumshika mkewe mkono. Consolata akaurudisha wake.

"Uliniharibia jina kwa sauti," alisema. "Lisafishe kwa sauti."

Na alilisafisha. Jioni, mbele ya mama yake, Abednego na majirani wengine, Machibya alisimama uani akasema kwamba alisoma vibaya, akamhukumu mke wake bila kosa. Hakutafuta kisingizio. Marieta akapiga kigelegele cha kwanza, wanawake wakaitikia. Pastory akamkimbilia mama yake. Consolata alisimama katikati yao, kichwa juu, mtoto akimchezea tumboni. Godoro la Machibya lilirudi baada ya wiki moja, Consolata alipoamua.

Tangu hapo walikwenda kliniki pamoja. Mtu akimletea Machibya maandishi magumu, alijifunza kusema, "Hili silijui." Mtoto alizaliwa salama, wa kike, kilo tatu na nusu. Wakamwita Gaudensia.

Gaudensia alipofikisha miezi miwili, Nesi Benedikta alimwomba Consolata azungumze na wazazi siku ya kliniki. Alisimama mbele ya wanawake thelathini na wanaume kumi na mmoja, mtoto mgongoni. Aliwasimulia yote. Machibya, kwenye benchi la mbele, alikubali kwa kichwa kila neno.

"Ukipewa karatasi, usiibebe kama mzigo usiojua una nini ndani," Consolata alimalizia. "Uliza. Ni haki yako."

Kisha mwanaume mmoja akainuka kule nyuma, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akamnyooshea nesi. Nyuma yake wakainuka wengine sita.