Insha ya Picha Namba Saba

Kila siku masomo yakiisha, Kidoti alikwenda moja kwa moja kwenye jumba la picha ambako mama yake alikuwa mfagizi. Alikamua matambara na kubeba ndoo mpaka saa kumi na moja. Siku moja miguu ilimuuma, na bado alikuwa na kazi ya mwalimu wa sanaa: kaa nusu saa mbele ya picha namba saba, uandike unachokiona. Ambaye angefanya vizuri kuliko wote angepewa nafasi moja iliyobaki katika darasa la uchoraji la Jumamosi. Kidoti aliitamani nafasi hiyo tangu mwaka jana.

Kila picha ilikuwa na namba kwenye fremu, na chini yake kadi ya maelezo. Kidoti hakuinua hata macho. Alinakili kadi, akageuza maneno mawili matatu, akafunga daftari.

"Umemaliza upesi hivyo?" mama aliuliza.

"Nina macho mepesi, mama."

"Mepesi, na kope zimekushinda kuinua."

Kesho yake mwalimu alisoma insha darasani. "'Bahari imechafuka, mashua mbili zinazama.' Kidoti, picha namba saba ni ya shamba. Bahari umeitoa wapi?"

"Labda mvua ilizidi, mwalimu," mtu alisema nyuma. Darasa likaangua kicheko.

Kidoti akaelewa. Jana mama alizibandua kadi ili azifute vumbi, na kwa kuwa kusoma humpa shida, alizirudisha vibaya. Angeweza kusema alikosea namba, yakaisha. Uongo ulishafika kwenye ulimi. Akaumeza.

"Sikuitazama picha, mwalimu. Nilinakili kadi. Nilikuwa nimechoka."

"Kuchoka si kosa," mwalimu alisema taratibu. "Nenda ukaitazame. Nafasi nitaitoa Ijumaa."

Mama aliposikia habari za kadi, alikaa juu ya ndoo kwanza. Kisha akasema, "Twende kwa msimamizi wa jumba tukamwambie wenyewe, kabla hajaambiwa." Msimamizi aliguna tu, akawasaidia kuzipanga upya.

Kidoti akaketi mbele ya picha ya shamba. Mlinzi mzee akasogea. "Zamani, mjukuu wangu, walichorwa wafalme na matajiri. Mashamba na milima ilikaa nyuma yao kama pazia. Baadaye wachoraji wengine wakaona nchi yenyewe inatosha. Wakabeba rangi zao, wakaenda kukaa juani."

Kidoti akatazama. Udongo wa karibu ulikuwa mwekundu, vilima vya mbali vikageuka buluu, cha mwisho kikakaribia kuwa mbingu. Vivuli vilikuwa virefu: jua lilikuwa linashuka. Pembeni akamwona mwanamke mdogo kama punje ya mchele, ameweka jembe chini, mkono kiunoni, ananyoosha mgongo.

"Mama, huyu amechoka kama sisi."

Mama akaegemea ufagio. "Miaka sita nafuta fremu hii. Sijawahi kumwona."

Kidoti aliandika kurasa mbili. Ijumaa mwalimu alimrudishia daftari, akasema, "Kesho saa tatu. Usichelewe."

Jioni ile, wakiwa njiani kurudi nyumbani, mama alimshika mkono.

"Mwanangu, uchovu utatufuata maisha yote. Lakini macho Mungu amempa kila mtu yake. Ukichoka, pumzika kwanza, kisha utazame kwa hayo yako. Ya kuazima yatakuonyesha bahari kwenye shamba."

Wakaendelea kutembea, polepole.