Kura ya Fundi Pini

Mtaa mzima ulimwita Fundi Pini. Akiwa kazini alizibana pini midomoni, na mteja akimsalimu alijibu kwa nyusi. Mkewe alikata vitambaa mezani. Binti yao, ambaye ujauzito wake ndio kwanza ulianza kuonekana, alikaa mlangoni akishona vifungo.

Uchaguzi wa diwani ulikuwa unakaribia. Asubuhi moja alikuja Shemeji, kaka wa mke wa fundi, kupimwa koti la kampeni.

"Shemeji, kura yangu ipo?"

Fundi akatoa pini mdomoni. "Unayo, shemeji. Tembea kifua mbele."

Mchana akaja mpinzani wake, Mwenye Nyumba, kupunguza suruali. Kile chumba cha cherehani kilikuwa mali yake.

"Fundi, mimi na wewe tumetoka mbali."

"Kura unayo, mzee. Lala usingizi."

Alipoondoka, mke wa fundi aliweka mkasi chini. "Wewe mwanamume, una kura ngapi? Utachanika katikati kama suruali ya kubana!"

Fundi akacheka. "Mimi si mjinga, mke wangu. Uchaguzi uliopita niliwawekea alama wote wawili. Kaka yako kapata, Mwenye Nyumba kapata. Sikumnyima mtu. Na wateja wangu nimewafundisha hivyo hivyo."

Dada wa Dawa, jirani mwenye duka la dawa, alikuwa amefuata gauni lake. Uchaguzi uliopita alikuwa miongoni mwa makarani waliohesabu kura. Akaketi taratibu kwenye kigoda.

"Kumbe ni wewe, fundi!"

"Mimi nimefanya nini tena?"

"Karatasi nyingi za mtaa huu zilikuwa na alama mbili. Tulishangaa, tukaziweka kando. Kura ya namna hiyo imeharibika. Haihesabiwi kwa huyu wala kwa yule. Hukuwapa wote wawili, fundi. Uliwanyima wote wawili."

Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Yaani sikupiga kura?"

"Ulipanga foleni, ukachovya kidole, ukarudi nyumbani. Basi."

"Sasa ningefanyaje? Nikimpa Shemeji, tunafukuzwa hapa. Nikimpa Mwenye Nyumba, mke wangu ataninunia mpaka uzeeni."

"Nitakununia kweli," mkewe akasema.

"Watajuaje?" Dada wa Dawa akauliza. "Unapoweka alama uko peke yako. Karatasi haina jina lako. Wino wa kidoleni unaonyesha kwamba umepiga kura, hauonyeshi umempigia nani. Mtu akikuuliza, si lazima umjibu. Hata mkeo."

"Hata mimi?" mke wa fundi akashtuka.

"Hata wewe, dada. Na yeye hana haki ya kujua yako."

Mke wa fundi akatabasamu. Hilo lilimkaa vizuri.

"Basi nichague kwa kuangalia nini," fundi akauliza, "kama si undugu wala chumba?"

Dada wa Dawa akamwelekezea binti kidevu. "Zahanati yetu inafungwa jioni. Juzi mke wa muuza mkaa alijifungulia barabarani, na mtoto aliponea chupuchupu. Wewe una mjukuu njiani. Waulize hilo."

Sindano ya binti ilisimama hewani.

Shemeji aliporudi kujaribu koti, fundi alimjaza pini mwili mzima. Kisha akauliza, "Zahanati itafunguliwa usiku?"

"Aa, shemeji, sisi ni damu moja. Hayo ya nini?"

"Anayetarajia kujifungua ni mpwa wako. Hiyo ndiyo damu."

Shemeji akataka kugeuka. "Uwii!"

"Usitikisike. Koti halijaisha, na swali pia."

Mwenye Nyumba naye aliulizwa akiwa na pini miguuni. Alikuna kichwa. "Sijui, fundi. Nitafuatilia." Akarudi na jibu: zahanati ilikosa muuguzi wa pili na taa ya uhakika. Akiwa diwani angelipeleka hilo kwenye baraza la mji kabla ya jambo lingine.

Fundi hakumwahidi mtu kura tena. Alisema tu, "Nimekusikia." Kila mteja aliyekuja, fundi alimwambia, "Nilikufundisha vibaya. Karatasi moja, alama moja. Na kabla ya hapo, uliza zahanati." Watu wakauliza kweli. Mwisho hata Shemeji akaanza kuizungumzia zahanati jukwaani.

Siku ya kura fundi aliweka alama moja. Akaikunja karatasi kwa uangalifu, kama kola ya shati jipya, akaitumbukiza sandukuni.

Mwenye Nyumba alishinda. Mtaa haukumwacha apumue. Akinunua mkate, aliulizwa habari za taa. Akileta suruali, aliulizwa habari za muuguzi. Taa ikaja. Muuguzi akaja. Binti alipopata uchungu usiku, mlango wa zahanati ulikuwa wazi.

Asubuhi yake Shemeji alifika kumwona mtoto. Alimbeba, akachekacheka naye, kisha akamsogelea fundi penye cherehani.

"Shemeji, yamekwisha. Niambie ukweli, ulinipa mimi?"

Mke wa fundi naye akasogeza sikio.

Fundi akachukua pini zake, akazibana midomoni moja moja, akawajibu kwa nyusi.