Abiria wa Lenzi Pana

"Ulimbeba nani?" mkewe aliuliza, macho yake yakiwa bado kwenye kompyuta.

Vumbi alikuwa amejibwaga kando yake kwenye kochi, udongo umemfika magotini, akinywa maji kutoka kwenye jagi. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa gereji, kwa sababu kila siku ya mapumziko alikwea vilima na pikipiki yake na kurudi akiwa na rangi ya njia. Kwenye helmeti alifunga kamera ndogo, na video zake zilipendwa. Sasa waandaaji wa mashindano ya pikipiki walitaka awapigie picha za njia yao yote, mradi mtazamaji ajione kama yuko juu ya kiti. Ndiyo maana muuza kamera alimwazima lenzi mbili azijaribu, moja pana na nyingine nyembamba.

"Nimbebe nani kwenye mawe yale? Nilikuwa peke yangu."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa kuona mshono uliopinda tangu ng'ambo ya barabara. Akarudisha video nyuma. Lenzi pana ilimeza kila kitu: mikono, usukani, bonde, kingo zote mbili za njia. Pale pembeni kabisa, upande wa kushoto, kivuli cha pikipiki kilikuwa kikikimbia juu ya ukuta wa udongo. Kilikuwa na vichwa viwili.

"Lenzi pana inapinda vitu vya pembeni," alisema Vumbi. "Hata mti ulionyooka utauona kama upinde."

"Sawa, inapinda. Haizai mtu."

Vumbi alicheka, lakini siku ya mapumziko iliyofuata alirudi njia ileile na lenzi ileile. Mchana huo waliketi kutazama, mapazia wameyafunga bila kuambiana kwa nini. Kivuli cha mbele kilivaa helmeti, ncha yake ya kukinga jua ikionekana wazi. Cha nyuma kilikuwa kichwa wazi. Kilikuwa kimemkumbatia Vumbi kiunoni na kumlalia mgongoni, kama mtoto aliyepitiwa na usingizi safarini.

Mkewe aliongeza sauti. Ndani ya mngurumo wa injini kulikuwa na pumzi.

"Hiyo ni yangu," Vumbi alinong'ona. "Subiri. Kwenye mteremko huu huwa naibana."

Pikipiki ikainama kuingia mteremkoni. Pumzi ikaendelea taratibu, kama ya mtu asiye na haraka ya kufika popote. Sebule ikanuka udongo uliolowa, na mvua haikuwa imenyesha kwa muda mrefu. Mke alibeba viatu vya safari vya mumewe akavitoa nje. Harufu ikabaki.

Siku hiyohiyo Vumbi aliifungua lenzi pana na kuweka nyembamba. Hapo kabla alikuwa akisitasita: pana iliongeza mbio lakini ikaufanya mlima uonekane kama uwanja, nyembamba ilionyesha mlima ulivyo lakini ikatikisika hadi mtazamaji asikie kichefuchefu. Sasa hakutaka tena ushauri.

"Hii inaangalia mbele tu," alisema. "Tatizo limekwisha."

"Limekwisha, au hatulioni?"

Vumbi aliinamia kamera. Alikuwa akikaza skrubu.

Kwa kitambo kidogo walipata amani ya kujidanganya. Kisha pikipiki ikaanza kukaa vibaya uani. Sehemu ya nyuma ilishuka, springi zimejikunja, na hakuna aliyeikalia. Vumbi, fundi wa kutengeneza pikipiki za watu, alibadilisha shokapu ya nyuma, akasimama kuitazama, na mbele ya macho yake ile mpya ikabonyea polepole kama mtu anayejiweka sawa kitini. Mwili wake nao ukaanza kuisha. Mashati aliyoshonewa na mkewe yalimning'inia, mgongo ukapinda, na wakati wa kula alikuwa akisimamisha kijiko hewani na kugeuza shingo, taratibu, kama mtu anayenong'onezwa.

Mkewe alimwendea bibi mmoja, mteja wake wa magauni, ambaye watu walimfuata kwa mambo kama hayo. Bibi alikuja mchana, akamshika Vumbi kifundo cha mkono, akasoma maneno kwa sauti ya chini. Vumbi akafumba macho. Kilichomtoka kinywani kilikuwa sauti nzito, kama inayotoka chini ya mtungi.

"Sikumvamia. Aliniita."

Mke alikumbuka. Akaitafuta video ya zamani, na Vumbi huyo hapo, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, jua la utosi, akiichekea kamera: "Huku hakuna hata paka. Kama kuna aliyechoka kukaa peke yake, apande twende." Waliangua kicheko wote wawili siku walipoitazama mara ya kwanza.

Bibi hakucheka. "Umemkaribisha kwa kinywa chako mwenyewe," alimwambia Vumbi. "Mimi siwezi kumshusha abiria nisiyempakia. Rudi palepale, jua likiwa palepale, umwambie ashuke."

"Tutajuaje kama ameshuka?" mke aliuliza.

"Si mna hicho kioo kinachomwona?"

Lenzi pana ikarudishwa. Mke alimsubiri mumewe chini ya kilima, akisikiliza injini ikipanda, ikififia, ikinyamaza, na baadaye ikirudi. Vumbi alishuka amenyooka mgongo, anatabasamu, na pikipiki yake ilikuwa imeinuka juu ya springi zake kama mpya. Alimkumbatia mkewe, wakaenda nyumbani, na alipoingia bafuni kuoga, mke akawasha kompyuta.

Aliwaona wakiwa wametulia mbele ya ukuta wa mwamba, vivuli viwili juu ya kivuli cha pikipiki, akamsikia Vumbi akisema kwa sauti inayotetemeka, "Tafadhali shuka, safari imekwisha," kisha pumzi mbili zikasikika kwa muda, moja ya haraka na moja ya taratibu, hadi kivuli kimoja kikaanza kushuka, na moyo wake ukataka kushukuru, lakini kilichokuwa kikishuka kilikuwa na ncha ya helmeti, kikishikilia kiti, kikivutwa mabega kama mkono unaochomolewa kwenye shati, na kile cha kichwa wazi kikasogea mbele bila papara, kikaketi, kikashika usukani, na njia nzima ya kurudi aliyekuwa akiendesha pale ukutani alikuwa kichwa wazi, ingawa Vumbi hakuvua helmeti mpaka alipomfikia yeye, na pumzi iliyosikika ilikuwa moja tu, ile ya taratibu.

Maji ya bafuni yalikuwa yamefungwa.

"Umeona nini?" sauti ya mumewe iliuliza mlangoni.

"Ameshuka," alisema.

"Ndiyo," ikakubali. "Ameshuka."

Asubuhi alikimbilia kwa bibi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kando kikombe chake cha chai.

"Mwanangu, kazi yangu ni kumtoa jini ndani ya mtu," alisema. "Huyo wako hana mtu ndani. Nikimtoa, utabaki na mwili wa kuzika."

"Na mume wangu?"

"Yuko aliposhushwa."

"Nimrudishe vipi, bibi?"

Bibi alimshika mkono, akauachia.

Basi akawa anachukua kamera na kupanda machimboni kwa miguu, jua likiwa utosini. Kwa macho aliona mwamba mtupu. Kwenye kioo cha kamera, kivuli chenye helmeti kilikuwa kimesimama ukutani, mikono kimeiweka mdomoni kama anayeita. Alikipa mgongo akasema, "Panda, mume wangu, twende." Kivuli kilinyoosha mikono kikashindwa kubanduka. Kila aliporudi alikikuta kimefifia zaidi, kama kitambaa kinachochujuka kwa kufuliwa, na siku ya mwisho kwenye kioo palikuwa na mawe tu. Alikaa akazungumza nayo hata hivyo, habari za nyumbani, habari za cherehani, hadi sauti ikamkauka.

Aliposhuka, alimkuta yule aliyeuvaa mwili wa mumewe chini ya kilima, ameegemea pikipiki, injini inanguruma.

"Umemaliza kumuaga?" aliuliza kwa upole.

Mwanamke alitazama barabara pande zote mbili. Hapakuwa na mtu. Yule akaketi, akasogea mbele kidogo kumwachia nafasi, akangoja.

Alipanda. Akamshika kiunoni, kwa sababu njia ilikuwa mbovu.