Kabura Atafuta Rekodi Yake

Kabura analima mpunga Wang'uru. Asubuhi hiyo alikuwa akipanda miche, maji yakimfika magotini. Simu ikalia.

"Mama Shiro, kikundi kimekuchagua," alisema Warigia, mwenyekiti wa kikundi chao cha wakulima. "Utaenda Moshi, Tanzania, wiki mbili, kujifunza mbegu mpya. Tengeneza pasipoti haraka."

Kabura alicheka peke yake shambani. Lakini jioni furaha ilipungua. Ili kupata pasipoti, lazima uwe na cheti cha kuzaliwa. Yeye hakuwa nacho. Mama yake alifariki Kabura akiwa mchanga. Alilelewa Nyeri na cucu, yaani nyanya yake, naye cucu hayuko tena. Kabura alijua tarehe yake ya kuzaliwa. Hakujua alizaliwa wapi, wala kama kuna mtu aliyeandika.

"Kuna mtu hapo stendi," alisema Ben, mumewe. "Ati ukimpa pesa, anakuletea cheti kwa siku mbili."

Jirani yao Nasirumbi alikuwa amekuja kuchukua maziwa. Alifanya kazi ya rekodi hospitalini miaka mingi kabla ya kustaafu.

"Wacheni hiyo," alisema. "Cheti cha uongo ni kosa, kinaweza kukufunga. Na rekodi yako unaweza kuitafuta mwenyewe bila kulipa mtu. Ulibatizwa wapi?"

"Kwa kanisa ya cucu, Nyeri."

"Basi anzia hapo. Kanisa nyingi huandika tarehe ya kuzaliwa, mahali, na majina ya wazazi. Shule yako ya kwanza pia iko na kitabu cha wanafunzi. Ukijua mahali ulizaliwa, nenda ofisi ya serikali ya kuandikisha watoto. Utalipa ada ya cheti tu, na uitishe risiti."

Jumanne Kabura alifika kanisani. Karani, Mutuku, alifungua kitabu kikubwa cha mwaka aliozaliwa. Alipitisha kidole kila mstari.

"Hakuna Kabura," alisema.

Walitazama mwaka uliofuata. Hakuna. Kabura alitoka nje, akampigia Nasirumbi.

"Mama Simiyu, hata sioni."

"Wewe ulipobatizwa uliitwa nani?"

"Anita."

"Tafuta hilo. Pia tafuta jina la mama. Na usiishie mwaka mmoja. Watoto wengine walibatizwa wakiwa wakubwa. Makarani nao wanakosea majina."

Walianza tena. Kwenye kitabu cha nne, Mutuku alisimama.

"Anita Kambura. Mama: Waithira. Tarehe ni hii yako. Alizaliwa hospitalini, Nyeri mjini."

"Ni mimi!" Kabura alisema. "Wameongeza herufi moja tu."

Mutuku alinakili maneno hayo kwenye barua, akapiga muhuri.

"Nikulipe ngapi?"

"Hakuna kulipa. Hiki kitabu ni chenu."

Siku hiyo hiyo alienda ofisi ya kuandikisha watoto. Afisa aliyeitwa Adhis alisoma barua, akamwambia aketi. Saa moja ilipita. Kisha alimwita mezani.

"Uliandikishwa ukiwa na siku tisa," Adhis alisema. "Ni cheti tu hakikuchukuliwa. Ona, ni mama yako mwenyewe alikuja."

Mwishoni mwa karatasi aliyomwonyesha kulikuwa na jina Waithira, na kando yake alama ya kidole gumba kwa wino mweusi.

Kabura hakuwa na picha ya mama yake. Aliinama, akatazama mistari ya kile kidole. Machozi yalimtoka.

"Cucu alisema mama hakuniachia kitu."

"Alikuachia hii," Adhis alisema.

Kabura alilipa ada ya cheti, akapewa risiti. Baadaye alipata cheti, kisha pasipoti. Alienda Moshi akarudi na mbegu na maarifa, na msimu huo wanakikundi wote walijaribu mbegu ile mpya.

Siku ya mkutano alisimama mbele yao.

"Nani hapa hana cheti cha kuzaliwa?"

Mikono sita iliinuka, mmoja ukiwa wa Warigia mwenyewe.

"Sawa," Kabura alisema, akatoa kalamu. "Kila mtu aniambie alibatizwa wapi, na aliitwa nani."